Patasi, Tindo, na Mbao za Sakafu

Wahenga walisema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Neno hilo lamfaa hasa mwenye nyumba ya sakafu ya mbao, maana mambo mengi ya nyumba yake yamo chini ya nyayo zake wala hayaoni: boriti zinazobeba uzito wote, waya za umeme, mabomba ya maji, na pengine mchwa walioingia zamani, wakila kimya kimya. Siku moja ubao hulia mtoto akiukanyaga, au hudidimia kidogo karibu na mlango, au harufu ya uvundo hupanda kutoka chini. Ndipo watu wa nyumbani huulizana, Tutatazamaje huko chini? Na mara nyingi jibu lao ni la haraka. Mtu hutwaa chombo cho chote chenye makali, hukipigilia katika ufa, kisha hukikandamiza kwa nguvu zake zote. Ubao hupasuka, chombo huvunjika, na damu humwagika.

Mwezi huu twapenda kunena nanyi, wasomaji wetu, juu ya namna ya kuinua mbao za sakafu bila kuziharibu na bila kuumia. Neno letu kubwa ni moja tu: chombo cha kukatia si chombo cha kuinulia. Mwenye kulishika neno hilo atahifadhi mbao zake, na vyombo vyake, na mwili wake pia.

SAKAFU TUNAYOISEMA

Si kila sakafu huinuliwa. Nyumba za kale za ghorofa za Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa kwa boriti za mikoko, na juu yake mawe ya matumbawe, na juu ya mawe chokaa iliyopondwa hata ikashikamana. Boriti ya mkoko haina urefu mwingi, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba. Sakafu kama hiyo haina ubao wa kuinua. Anayeigonga kwa tindo aibomoa tu; naye yafaa amwite mwashi anayeijua kazi ya chokaa.

Sisi twasema juu ya sakafu ya mbao zilizopangwa kando kwa kando na kupigiliwa misumari juu ya boriti za mbao. Sakafu za namna hii zaonekana katika nyumba za zamani za nchi za juu zenye baridi, na katika baadhi ya shule na makanisa, hasa pale palipoinuliwa mbele ya watu. Huko Uingereza nyumba nyingi za kale zina sakafu hizi, na mafundi wa huko wana vyombo vyao maalum kwa kazi hiyo, ambavyo tutavitaja. Mbao zenyewe zaweza kuwa za mwerezi, mvule, mkulo au podo, zilizopasuliwa katika miti mikubwa ya umri mwingi. Miti kama hiyo leo ni adimu, na ubao mpana, mkavu, usio na fundo, haupatikani dukani kwa wepesi. Kwa hiyo ubao uliopasuliwa kwa pupa ni hasara kubwa.

Yapasa kwanza kujua jinsi mbao zilivyoungana. Zamani seremala aliziranda kando zikanyoka, akaziweka zikagusana tu. Baadaye ukaenea mtindo mwingine: ubao mmoja una ulimi mwembamba kandoni mwake, na mwenzake una mfereji, na ule ulimi huingia katika mfereji. Mwaka 1828 Mmarekani William Woodworth alipata hati ya serikali kwa mashine yake ya kuranda mbao na kuzikata ndimi na mifereji, na mbao za namna hii zikaweza kufanywa nyingi kwa muda mfupi. Ulimi huzuia vumbi na upepo, nao hufanya mbao zichukuliane mzigo. Lakini kwa mtu atakaye kuinua ubao, ulimi ni kama komeo la mlango. Asiyelifungua komeo atauvunja mlango.

Kujua kama mbao zenu zina ndimi si kazi ngumu. Chukueni kipande cha bati jembamba, mkisukume katika ufa kati ya mbao mbili. Kikipita hata chini, hakuna ulimi. Kikizuiliwa katikati ya unene wa ubao, mahali pengi na si pamoja tu, ulimi upo.

VYOMBO NA KAZI ZAKE

Lugha yetu haina upungufu wa majina hapa, ila watu huyachanganya. Patasi ni chombo cha seremala: bapa lake ni jembamba, makali yake yamenolewa upande mmoja kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, na mpini wake ni wa mti, au siku hizi wa plastiki. Juba ni ndugu ya patasi, lenye mwili mnene na upana mdogo, kwa kuchimbia matundu ya viungo. Tindo ni chuma kitupu tangu kichwa hata makali, haina mpini wa mti. Hiyo hukata misumari, na chuma, na mawe.

Katika jamii ya tindo mna tindo pana, nazo ni mbili zinazofanana kwa jina lakini si kwa kazi. Tindo pana ya mwashi ni nene, kwa kuwa yakata matofali. Tindo pana ya sakafu ina bapa jembamba zaidi, liwezalo kuingia katika ufa kati ya mbao. Upana wake kwa kawaida ni kama inchi 2 na robo (milimeta 57) au kupita, na urefu wake inchi 10 au 11. Hii ndiyo ifaayo kwa kazi yetu. Wembamba wake waiwezesha kuingia. Upana wake wagawanya nguvu kandoni mwa ubao, hata makali yasiume mahali pamoja na kuacha kovu.

Kijana anayejifunza useremala akimwuliza fundi wake, "Mzee, mbona patasi imevunjika, nami sikuipiga kwa nguvu?" fundi aweza kumjibu kwa maneno machache, "Mwanangu, hukuipiga, uliipinda." Jawabu hilo lina elimu ndani yake. Patasi hufanywa kwa pua, yaani chuma kigumu chenye kaboni kidogo ndani yake. Pua si kitu kigeni kwa watu wetu: mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza jinsi wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walivyoweza kuifanya katika matanuru yao tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Pua ikitiwa moto kisha ikapozwa kwa ghafula huwa ngumu sana, nayo hushika makali. Lakini kadiri izidivyo ugumu ndivyo ipunguavyo uvumilivu wa kupindwa. Patasi hustahimili pigo linalokwenda sawa na urefu wake. Mkiitia chini ya ubao na kuukandamiza mpini, mwaipinda mahali palipo pembamba na pagumu kuliko pote. Hapo hukatika, na kipande huruka tusijue kiendako.

Kwa hiyo patasi ikae katika kazi ya kukata: kusafisha kando ya ubao, kutengeneza mahali pa kipande kipya. Kazi ya kuinua ni ya tindo pana. Na ubao ukiwa mzito sana, mtaimbo mdogo usaidie.

KUCHAGUA DUKANI

Mkienda kununua tindo, msiangalie rangi wala maneno yaliyopigwa chapa. Tazameni haya.

Kwanza, ishikeni mbele ya jicho, mkaitazame kwa ubavu. Bapa liwe limenyoka, lisiwe na ufa wala pengo.

Pili, tazameni kichwa, yaani mahali pa kupigwa nyundo. Kiwe sawa, na kingo zake ziwe zimelainishwa kidogo. Watengenezaji huacha kichwa kiwe laini kuliko makali, kwa makusudi, ili nyundo inapokipiga kisipasuke kama kioo.

Tatu, kama mwaweza, chagueni ile yenye kinga ya mpira kuzunguka mahali pa kushikia. Nyundo ikiteleza, kinga huupokea pigo badala ya kidole gumba.

Nne, makali ya tindo ya sakafu yasiwe kama ya wembe. Kazi yake ni kupenya na kuinua, wala si kunyoa mbao.

Pamoja na tindo pana, tafuteni tindo ndefu ya kawaida, ya inchi 12 au kupita. Kazi yake tutaieleza. Nyundo iwe nzito kidogo, ya ratili mbili au tatu, na uso wake uwe mpana kuliko kichwa cha tindo. Patasi yenye mpini wa mti hupigwa kwa nyundo ya mti, wala si ya chuma.

Na vyombo vya zamani je? Tindo nyingi za kurithiwa ni njema sana, ila nyingi zina ugonjwa mmoja: kichwa kimepigwa miaka mingi hata kimefura na kukunjika kando kama uyoga. Msiitumie tindo ya namna hiyo kabla ya kuiponya. Zile kingo zilizokunjika ni chuma kilichochoka, na pigo moja laweza kurusha kibanzi chake kwa nguvu ya kupenya jicho. Dawa yake ni kuisaga kwa tupa au jiwe la kunolea hata uyoga uishe na kichwa kiwe na umbo lake la kwanza. Hii ni kazi ya robo saa tu, nayo ni akiba ya macho mawili.

KABLA YA KUPIGA NYUNDO

Chini ya mbao huenda mna umeme. Katika nchi zetu umeme wa nyumbani ni wa volti 230 au 240, nao hauna huruma kwa mtu aliyeshika chuma kitupu. Zimeni swichi kubwa ya nyumba, mkamweke mtu au alama hapo, mtu mwingine asije akaiwasha. Angalieni pia taa na matundu ya umeme yalipo ukutani, na mabomba yanakoingilia. Waya na mabomba mara nyingi hufuata njia hizo.

Vaeni miwani ya kukinga macho, si ninyi tu mnaopiga, bali na yule aliyesimama karibu kutazama. Vaeni viatu vyenye nyayo nene. Watoto watoke chumbani, na mlango ufungwe.

Liko na jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa risasi, na vumbi la risasi hudhuru akili za watoto wadogo hata likiwa kidogo. Ikiwa mbao zina rangi ya kale, msiikwangue kavu. Ilowesheni kwanza, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, wala lisifagiliwe. Na kama juu ya mbao pamegandishwa vigae vya zamani vya sakafu, huenda mna asbesto, ambayo nyuzi zake huharibu mapafu. Msivivunje, ombeni shauri la wanaojua.

KAZI YENYEWE

Tazameni mistari ya misumari. Hapo ndipo boriti zilipo, maana misumari ya sakafu hupigwa juu ya boriti. Mara nyingi kutoka boriti hata boriti ni inchi 16 au 18. Kisha tafuteni ubao wa kuanzia. Ulio mfupi, au uliolegea, au uliokwisha kukatwa na fundi wa kabla yenu, huo ndio mlango. Kama hakuna ubao wenye mwisho chumbani, itawapasa kuukata mmoja kando ya boriti kwa msumeno mdogo wenye makali ya mviringo, msipite unene wa ubao. Kabla ya kuinua cho chote, andikeni kwa chaki namba juu ya kila ubao, na mshale wa kuonyesha upande unaoelekea mlangoni. Mbao za kale zimezoeana. Kila moja hukaa vema mahali pake tu.

Sasa fungueni komeo, yaani ulimi. Ingizeni bapa la tindo pana katika ufa, mlisimamishe wima, mkapige taratibu, mkisogea kidogo kidogo kwa urefu wa ubao. Mtasikia ulimi ukikatika. Msiende chini kuliko unene wa ubao, ambao mara nyingi ni kama inchi moja. Tieni alama ya chaki juu ya bapa, ikifika usawa wa sakafu acheni. Mwataka kukata ulimi, si waya. Kateni pande zote mbili za ubao wa kwanza. Ubao huo ndio ulio mgumu. Ukiisha kutoka, wenzake hufuata kwa wepesi, kwa kuwa njia ya kuwafikia kando imefunguka.

Baada ya hayo, nendeni kwenye mwisho wa ubao, karibu na misumari, wala si katikati palipo mbali na boriti. Ingizeni tindo pana, na chini yake wekeni kipande chembamba cha mbao ili ubao wa jirani usipate kovu. Lazeni tindo nyuma polepole. Ubao ukiinuka unene wa kidole, acheni. Hamieni upande wa pili mkafanye vilevile. Pande zote mbili zipande kwa zamu, kama watu wawili wachukuao mzigo mmoja.

Mwisho wa ubao ukiisha kuinuka, hapa ndipo kazi ya ile tindo ndefu. Ipitisheni chini ya ubao, iulale kwa kukingama, ncha zake zikikaa juu ya mbao za jirani. Kisha kandamizeni kwa mikono ule mwisho ulioinuka. Ubao utajikunja kidogo, na misumari ya boriti inayofuata italegea na kupanda. Isogezeni tindo mbele, mkandamize tena. Hivi, boriti kwa boriti, ubao hutoka mzima, nanyi hamkutumia nguvu nyingi. Mahali msumari unapokataa kabisa, msiruke juu ya ubao kwa miguu. Uzamisheni ule msumari kwa chuma chenye ncha butu hata uupite ubao, kisha endeleeni.

Katika kazi hii yote, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, isitangulie mbele yake kamwe. Macho yatazame makali, si kichwa cha tindo. Nyundo isipigwe juu ya nyundo nyingine, kwa maana vyuma viwili vigumu vikigongana hurusha vibanzi. Na anayepita juu ya shimo akanyage boriti tu. Katika nyumba ya ghorofa, nafasi kati ya boriti hushikwa na dari jembamba la chumba cha chini, na mguu hulipenya.

HATARI NA DAWA YAKE

Ubao uliotoka hulazwa mara nyingi kifudifudi, misumari ikitazama juu kama miiba, nao husahauliwa. Msifanye hivyo. Kila ubao unapotoka, ng'oeni misumari yake papo hapo, mkaitie katika mkebe. Kidonda cha msumari ni kidogo kwa kutazama, lakini ni kirefu, na ndani yake hakuna hewa. Hapo ndipo hustawi vijidudu vya pepopunda, ambavyo makao yake ni udongo na mavi ya wanyama, na ambavyo Mjapani Kitasato Shibasaburo alifaulu kuvitenga mwaka 1889. Oshweni kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha nendeni zahanati mkaulize juu ya sindano ya kinga siku hiyo hiyo. Msitie majivu, wala mafuta ya taa, wala samadi.

Kibanzi cha chuma kikiingia jichoni, mtu asilifikiche jicho wala asijaribu kukitoa. Lifunikeni kwa kitu kisichogandamiza, kama kikombe safi, mkampeleke hospitali. Pengine maumivu hupungua baada ya saa chache, mtu akadhani amepona. Hali kibanzi kimo ndani na jicho laharibika. Asidanganyike.

Na akina mama tunawaambia neno la jikoni. Mbao zilizovunjika, zenye rangi ya kale au zilizopakwa dawa ya mchwa, zisitiwe mekoni. Moshi wake una sumu, na majivu yake vilevile.

KURUDISHA MAHALI PAKE

Mkiisha kuona mlichokitafuta, msifunike kwa haraka. Gongeni boriti kwa mpini wa nyundo: iliyo nzima hutoa sauti kavu, iliyoliwa husikika kama debe tupu. Chomeni kwa ncha ya kisu. Kikizama bila kupingwa, boriti imeoza au imeliwa, na mbao mpya juu yake zitakuwa kazi bure. Tafuteni pia njia za udongo za mchwa katika nguzo na kuta, mkazifuate hata mwanzo wake.

Rudisheni mbao kwa namba zake. Mahali palipokatwa kando ya boriti, kazeni kipande cha mbao ubavuni mwa boriti, mwisho wa ubao ukae juu yake. Ubao wa mlango msiupigilie misumari tena, bali ukazeni kwa skrubu, ili siku nyingine atakayetaka kutazama chini atumie bisibisi tu, wala asihitaji tindo kabisa.

Walimu wenye wanafunzi wa kazi za mikono twawasihi wawafundishe vijana majina ya vyombo pamoja na kazi zake, na wawape ubao wa kale wa kujaribia kabla hawajaigusa sakafu ya mtu. Na kila nyumba iweke tindo yake pana pamoja na miwani ya macho katika sanduku moja, ili anayeitwaa tindo aikute na miwani. Vyombo hivi bei yake si kubwa. Vikitunzwa visipate kutu, mjukuu atainua kwavyo mbao zile zile alizozikanyaga babu yake.